Zamu Haipo Msituni: Tulipozihamishia Karata Zetu Mtandaoni

Ilikuwa karata ya kawaida kabisa katika mchezo tuliobuni wenyewe. Tuliiita Njaa. Juu ina mchoro wa chungu kilichofunikwa, chini ina maneno matano: "Kila mchezaji atupe karata moja." Mezani tuliicheza kwa miaka bila ugomvi, maana mezani "kila mchezaji" ni mimi na wewe, na siku za wingi labda watu wanne.

Usiku wa majaribio yetu ya kwanza mtandaoni walikuwamo watu 41. Mmoja wao, aliyebanwa na mazimwi mawili kwenye pembe ya mbali kabisa ya ramani, akaitupa Njaa. Sekunde hiyohiyo watu wote 41 wakapokonywa karata: waliokuwa wakipambana darajani, waliokuwa wakibadilishana mali sokoni, hata jamaa aliyeiacha kompyuta yake wazi akaenda kuoga. Aliporudi aliandika neno moja tu kwenye maongezi ya wote: "Mwizi!" Aliyeitupa naye hakupona, kwa sababu na yeye ni mchezaji, karata aliyoitupa ilikuwa ngao yake, na mazimwi yakammaliza.

Nilimpigia simu mwenzangu anayeandika msimbo. Nilidhani atasema ni hitilafu. "Umeandika kila mchezaji," akanijibu. "Kompyuta imesoma kila mchezaji." Akakata simu akalale.

Mchezo wenyewe tuliubuni watu watatu: mimi nikitunga karata na sheria, mchoraji wetu akichora, na huyo wa msimbo, ambaye siku hizo alikuwa mchezaji tu, tena mbishi. Karata 180, zimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi za manila na kutiwa kwenye mifuko midogo ya plastiki zisichakae. Kuna wachawi, mizimu, majoka, na mto unaobadili njia kila ukiuvuka. Yeyote aliyewahi kucheza Magic: The Gathering angeitambua mifupa ya mchezo wetu hata ungeufunika shuka. Sioni haya kulisema hilo. Karibu kila mchezo wa karata za kukusanya unatembea kwa mifupa hiyo.

Magic aliibuni Richard Garfield, mwanahisabati, na kampuni ya Wizards of the Coast ikaitoa mwaka 1993. Chapa ya kwanza, ambayo wakusanyaji huiita Alpha, ilikuwa na karata zipatazo milioni 2.6 za aina 295. Jambo jipya halikuwa majoka, maana majoka yalikuwapo tangu zamani. Jambo jipya ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa na mchezo wote. Kila mmoja ananunua pakiti zilizofungwa asijue zina nini, anachagua, anaunda fungu lake ambalo wachezaji huliita deki, kisha anakaa mezani mbele ya mtu mwenye vitu ambavyo yeye hajawahi kuviona. Sheria za msingi ni chache. Maajabu yote yameandikwa juu ya karata zenyewe, na kanuni ya kwanza kabisa ya mchezo inasema hivi: karata ikipingana na kitabu cha sheria, karata ndiyo yenye neno la mwisho.

Mchezo ambao hakuna anayeujua wote tayari ni nusu ya dunia. Hapo ndipo tamaa inapoanzia. Unaitazama karata ya msitu, unaitazama karata ya zimwi linaloishi msituni, unajisemea: kwa nini nisitembee humo? Kwa nini tusitembee wote?

Wenye Magic wenyewe walishaingiwa na tamaa hiyo mapema. Mwaka 1997 kampuni ya MicroProse, Sid Meier akiwa mmoja wa watengenezaji, ilitoa mchezo wa kompyuta ambamo unazunguka nchi iitwayo Shandalar, unapita vijiji na miji, na ukikutana na adui mnakaa kucheza karata. Mnaweka dau la karata kutoka kwenye mafungu yenu. Anayeshinda anaondoka nayo. Dau hilo lilikuwa sheria ya Magic tangu mwanzo, lakini watu mezani hawakulipenda, na si vigumu kujua kwa nini. Shandalar lilifaa sana, kwa sababu aliyeporwa ni kompyuta. Ila Shandalar ni nchi ya mtu mmoja. Wengine wote humo ni vivuli, na wanakungoja. Ukienda kulala wiki nzima, zimwi litakukuta uliposimamia, limeinua rungu lake vilevile.

Sisi tulitaka nchi ya watu wengi, na kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba tatizo litakuwa picha. Tulipoteza miezi kwenye miti. Mchoraji wetu alichora miti ya aina kumi na moja, na upepo wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekaa chini akauliza swali ambalo karata zilikuwa zikituuliza tangu siku ya kwanza: hii zamu ya nani?

Mchezo wa karata ni mali ya zamu. Nikicheza mimi, wewe unangoja. Ukingoja unafikiri, unanisoma uso, unahesabu mana niliyobakiza, yaani nguvu ya kulipia karata. Uhondo wote wa karata umejificha ndani ya kungoja huko. Sasa chukua watu arobaini, wape miguu, waweke kwenye msitu mmoja. Nani amngoje nani?

Jibu letu la kwanza lilikuwa chumba. Watu wawili wakigombana njiani, skrini zao zinageuka meza, wanacheza zamu kwa zamu mpaka mmoja ashindwe, kisha wanarudi msituni. Rahisi, safi, na sheria hazikuguswa hata nukta. Lakini pambano la karata huchukua dakika ishirini, na muda wote huo msituni walikuwa wamesimama watu wawili kama vigogo. Wapita njia wakawaita masanamu. Vijana wakaanza kuwazungushia maua. Joka kubwa tulilolipangia njia lilikuwa likipita katikati ya miili yao, hawalioni, halijali. Baada ya wiki mbili mjaribu mmoja aliuliza, kwa upole kabisa, kwa nini tusiutoe msitu tukaweka orodha ya watu wanaotafuta mpinzani. Swali liliniuma kwa sababu jibu lake lilikuwepo tayari: Magic Online ilianza mwaka 2002 na inafanya hivyohivyo, meza tupu bila msitu, na watu wanaipenda. Ukitaka meza, jenga meza. Msitu wetu ulikuwa umegeuka ukumbi wa kusubiria.

Jibu la pili lilikuwa kinyume chake. Tufute zamu. Karata nne mkononi, kila moja na kitufe chake. Ukiibonyeza inatupwa papo hapo, na nyingine inavutwa bila mpango kutoka kwenye deki. Kila mtu anacheza wakati wowote. Msitu ukachangamka, mwanga huku na moshi kule, na kwa siku tatu tuliamini tumeshafika.

Kisha mchoraji wetu akamuuliza mjaribu mmoja anaipenda karata gani. Akajibu, "Ile ya bluu." Ya bluu ipi? Hakujua. Hakuwahi kuisoma. Alikuwa akibonyeza rangi. Karata ambayo mtu amekesha akiichora, na mimi nimekesha nikiitafutia maneno, ilikuwa imegeuka kitufe chenye mapambo.

Nilikuja kuiona hali hiyohiyo kwenye kazi ya watu wenye fedha na ujuzi kutuzidi mara elfu. Mwaka 2021 Cryptic Studios walifungua majaribio ya wazi ya Magic: Legends, mchezo wa mapigano wa wachezaji wengi uliosimama juu ya ulimwengu wa Magic. Unaunda deki ya uchawi wa aina 12, nne zinakuwa mkononi, na ukishautumia mmoja unajitokeza mwingine bila wewe kuuchagua. Majaribio yalifunguliwa Machi. Juni ikatangazwa kwamba mchezo hautaendelea, wachezaji wakarudishiwa fedha zao, na tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo seva zikazimwa. Sababu za mradi mkubwa kuanguka huwa nyingi, na sitaki kujifanya mganga wa maiti. Ila nilipoucheza niligundua kidole changu kinafanya kile alichofanya yule wa bluu. Ukiwa na sekunde moja, bahati ya kuvuta karata haina ladha ya bahati. Unahisi kama baiskeli inayobadili gia yenyewe.

Hapo tulikaa kimya miezi miwili. Mwenzangu wa msimbo alisema mchezo wetu haufai kuhamishwa, tuuache kwenye manila ulikozaliwa. Karibu nikubali.

Kilichotutoa shimoni ni mchezo wa watoto. Wizard101, wa kampuni ya KingsIsle, upo tangu mwaka 2008. Wachawi wadogo wanazunguka mitaani, wakigusana na adui duara linachorwa palepale chini, kila upande na nafasi nne. Ndani ya duara kila raundi ina nusu dakika ya kuchagua: wote wanachagua karata kwa pamoja, kisha zinatekelezwa moja baada ya nyingine. Na hapa ndipo nilipopiga paja langu: duara halikuondoi duniani. Limechorwa barabarani. Anayepita analiona, anajua nani anaumia, na akitaka anaingia kwa miguu yake akachukua nafasi iliyo wazi raundi inayofuata. Hakuna masanamu. Kuna ngoma, na ngoma ina watazamaji.

Nilipowapelekea wenzangu habari hiyo, mwenzangu wa msimbo, yule mbishi, akaenda mbali zaidi. Akafungua kitabu cha sheria cha Magic, ambacho kina mamia ya kurasa na ambacho mimi hukitumia kupata usingizi, akanionyesha namna ya kucheza iitwayo Grand Melee. Imekusudiwa watu kumi au zaidi kwenye meza moja. Zamu moja ikizunguka watu kumi na sita, wa mwisho atasinzia. Basi sheria inagawa alama za zamu, moja kwa kila watu wanne kamili. Watu 16, alama 4: watu wanne wanacheza zamu zao kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye pembe yake ya meza. Alama haziruhusiwi kubanana. Iliyo mbele yako ikiwa haijasogea, yako inangoja. Na karata zako zinamfikia jirani wa kulia na jirani wa kushoto tu, basi. Kitabu kina kifungu kizima kuhusu hilo, masafa ya athari: maneno kama "kila mchezaji" yanawahusu walio ndani ya masafa yako peke yao.

Nilikisoma kifungu kile mara tatu. Njaa yetu ilikuwa imeshapata tiba miaka mingi kabla hatujaiandika. Watu wa mezani, waliokuwa wakitafuta tu namna ya kuwachezesha rafiki wote waliofika bila mtu kuboreka, walikuwa wameshavumbua dunia ya wachezaji wengi, ila hawakuwa na seva.

Toleo letu la tatu, ambalo ndilo lililopo hadi leo, lina pigo. Kila pambano ni duara juu ya ardhi, na kila duara lina pigo lake la sekunde kumi na mbili, kama ngoma. Ndani ya pigo unachagua karata moja; pigo likilia, zote zinafunguliwa. Ukiingia duarani unaanza kucheza pigo linalofuata. Maduara mawili yakigusana yanakuwa moja, na lenye watu wachache linafuata mdundo wa lenye watu wengi. Nje ya duara hakuna pigo, tembea utakavyo. Na "kila mchezaji" maana yake ni kila aliyesimama ndani ya duara lako.

Sekunde kumi na mbili zilinitia adabu mimi mwandishi. Karata za manila zilikuwa na maneno kama hati ya mahakama. Kulikuwa na moja iliyosema: "Wakati wowote mpinzani anapovuta karata nje ya hatua yake ya kawaida ya kuvuta, unaweza kulipa mana moja, ukilipa, nawe vuta karata moja." Mezani ni sawa, una muda, unaweza hata kubishana. Duarani mtu ana sekunde kumi na mbili za kusoma karata zake tano, kuangalia za majirani zilizo wazi, na kuamua. Nikajiwekea sheria: hakuna karata itakayozidi maneno kumi. Ile ndefu sasa inasema, "Jirani akivuta, nawe vuta." Maneno manne. Nililia kidogo kwa ile mana moja niliyoifuta, kwa sababu usawa wake ulikuwa mzuri. Karata ishirini na tatu zilikataa kabisa kufupishwa, zikabaki sandukuni. Zilizobaki, nakiri, ni bora kuliko zilivyokuwa. Mchoraji wetu alifurahi kupita kiasi, maana maneno yalipopungua picha zilikua.

Jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo ni ukimya.

Kwenye Magic, kabla tendo lolote halijatimia, mpinzani anapewa nafasi ya kujibu. Mezani nafasi hiyo ni kope tu. Unatupa karata, unamtazama, anatikisa kichwa, mnaendelea. Kompyuta haioni kope. Magic Online inakuuliza, unabonyeza kukubali, inakuuliza tena, unabonyeza tena, na ili watu wasicheleweshane makusudi kila mmoja amewekewa saa yake kama ya sataranji, kwa kawaida dakika 25 kwa pambano zima. Magic Arena, iliyotoka rasmi mwaka 2019, ilitaka mwendo wa kasi zaidi: mchezo hausimami kama huna cha kujibu. Inasikika kama busara. Lakini ukitupa karata yako na mchezo ukasita, hata kwa nusu sekunde, umeshajua kwamba mwenzako ana kitu mkononi. Kusita kwenyewe ni uso. Wazoefu wakajifunza kuwasha mpangilio wa kusimama kila mara ili wadanganye hata wakiwa hawana kitu.

Kwenye pigo letu tulidhani tumelikwepa hilo, kwa kuwa wote wanachagua kwa pamoja. Kumbe tulikuwa tumeweka alama ndogo ya kijani juu ya kichwa cha mtu aliyekwisha kuchagua. Wachezaji wakaanza kuisoma: akichagua sekunde ya pili, ana karata moja tu ya maana, akichagua sekunde ya kumi na moja, amebanwa. Kisha wakaanza kuitumia kudanganya, wakichelewa makusudi. Mwenzangu alitaka kuiondoa. Nilimzuia, na huo ndio uamuzi pekee wa mradi wote ninaojivunia bila aibu. Tulikuwa tumepata uso tena.

Kuhusu mali nitasema kwa ufupi kuliko inavyostahili, kwa sababu ikianza haiishi.

Karata za kukusanya zina thamani kwa kuwa ni adimu, na uadimu wake unatokana na mtambo wa kuchapa: zilizochapwa ndizo hizo. Dunia ya mtandaoni ina tabia nyingine. Kila zimwi likifa linadondosha kitu, na mazimwi hufufuka kila baada ya dakika tano. Ukiunganisha hizo mbili bila kufikiri, kufikia mwisho wa mwezi karata ya joka inaokotwa kama kokoto. Magic Online ilishikilia upande wa karata: pakiti ziliuzwa, watu wakabadilishana, na tiketi za kuingilia mashindano, ambazo duka lenyewe huziuza dola moja, zikageuka sarafu ya soko. Ukikamilisha seti nzima ya toleo uliweza hata kuomba utumiwe karata halisi za karatasi. Soko lilishamiri hivi kwamba boti, yaani programu zinazojiendesha zenyewe, zikawa ndizo wauzaji wakubwa. Na kuna kisa ambacho wengi wanalijua jina lake bila kujua maana: Mt. Gox, soko la Bitcoin lililoporomoka mwaka 2014, jina lake ni kifupi cha soko la kubadilishana karata za Magic Online. Mwanzilishi wake, Jed McCaleb, alilisajili kwa kazi hiyo kabla hajalifanya la sarafu za kidijitali. Kila nikisikia mtu akisema karata ni mambo ya watoto, humkumbusha hilo.

Hearthstone, mchezo mwingine wa karata wa mtandaoni uliotoka 2014, ilichagua njia nyingine na kufuta biashara kabisa. Karata usiyoitaka unaisaga inakuwa vumbi, vumbi unatengenezea nyingine. Hakuna boti za kuuza, hakuna utapeli, hakuna mtoto aliyelaghaiwa. Arena nayo haina kubadilishana. Naelewa kabisa. Ila ule ni mchezo wa meza, na meza inaweza kuishi bila soko. Dunia haiwezi. Richard Bartle, mmoja wa wawili walioanzisha MUD, dunia ya kwanza ya maandishi ya wachezaji wengi, mwaka 1978, aliwahi kuwagawa wachezaji wa dunia hizi kwa majina ya karata za kawaida: uru ni wanaotafuta mali na ushindi, shupaza wanaochimbua siri za nchi, kopa waliokuja kuongea na watu, pau waliokuja kuwasumbua wenzao. Mchezo wa karata wa mezani unamlisha uru na pau. Kopa anaishi sokoni. Ukilifunga soko, kopa anaondoka, na akiondoka yeye nchi inanyamaza.

Kwa hiyo tuliacha watu wabadilishane, na tukaweka idadi: kila karata ina nakala 60 duniani kote, kila nakala na namba yake. Mazimwi hayadondoshi karata mpya. Yanadondosha zilizopotezwa na wengine. Tulijipongeza kwa ujanja huo mpaka mchezaji mmoja, mkusanyaji hodari, alipopata kazi mpya akaacha kuingia. Alikuwa na nakala saba za Daraja. Zikalala. Karata ya manila ikilala kwenye droo, siku moja mtu atafungua droo. Akaunti haina droo. Tukatunga sheria kwamba asiyeonekana siku 120, karata zake zinarudi msituni. Siku ya 131 akarejea. Barua aliyotuandikia sitaiweka hapa, ila alikuwa na haki kwa nusu, na ile nusu nyingine ninaibishania hadi leo nikiwa peke yangu.

Faida moja tuliyoipata, ambayo karatasi haiwezi kuitoa, ni kumbukumbu. Nakala ya mtandaoni inaweza kubeba historia yake: nani aliishika, ilitupwa wapi, ilimwua nani. Ile Njaa ya usiku wa kwanza ni nakala namba 14. Mgongoni imeandikwa tarehe, na chini yake, "iliwapokonya 41." Haina nguvu yoyote ya ziada. Imeshabadilishwa kwa majoka matatu.

Kuna swali la mwisho ambalo kila anayejenga dunia ya aina hii analikimbia: siku seva ikizimwa? HEX ilianza mwaka 2013 kwa michango ya wachezaji iliyozidi dola milioni mbili, ikiahidi kuunganisha karata za kukusanya na dunia ya wachezaji wengi, yaani ndoto yetu hii hii. Mwaka uliofuata Wizards of the Coast waliishtaki kwa kufanana mno na Magic, wakapatana mwaka 2015, na mwisho wa 2020 ikafungwa. Karata za watu zikaenda nayo. Caller's Bane, mchezo wa karata wa kampuni ya Mojang, ilifungwa kwa heshima zaidi mwaka 2018: waliugawa mchezo bure pamoja na programu ya seva, anayetaka aendelee kuuwasha kwake. Tumekubaliana sisi tutafanya hivyo. Imeandikwa kwenye daftari, sahihi tatu. Sanduku la manila nimelitunza mimi.

Ndani ya sanduku hilo, kati ya zile ishirini na tatu zilizokataa kuhama, imo karata iitwayo Hekaya. Wazo lake tuliliiba kwa Magic, kwenye karata ya mwaka 1993 iitwayo Shahrazad, kama yule msimuliaji wa Alfu Lela U Lela: ukiitupa, mnauacha mchezo mlionao, mnacheza mwingine mpya kwa karata zilizobaki, atakayeshindwa anapoteza nusu ya uhai wake, kisha mnarudi mlipoishia. Mashindanoni imepigwa marufuku, na anayesimamia saa ya mashindano anajua kwa nini. Sisi tuliipenda kuliko zote, na ndiyo ya kwanza tuliyoiacha.

Juzi mwenzangu wa msimbo alinitumia ujumbe usiku wa manane. Anadhani inawezekana. Duara linafunguka katikati, wanaoshuka wanaingia kwenye ramani ndogo yenye pigo lake la haraka, sekunde nne, na juu duara linaendelea kwa waliobaki. Tatizo moja tu limemshinda, akaniuliza: mtu akiitupa Hekaya akiwa ndani ya Hekaya?

Nimemjibu kwamba karata haijasema hairuhusiwi.